Ugwe wa Mgongo Si Waya wa Stima

Kuna video inayorudi tena na tena katika vikundi vya WhatsApp vya familia na vya makanisa hapa Kisumu. Mwanamume Mzungu anatembea polepole, amejishikilia kwa magongo, mkoba mgongoni, na maandishi yaliyo chini yanadai kwamba chipu imeunganisha mshipa wake wa mgongo uliokuwa umekatika. Baada ya video huja ujumbe wa sauti, mara nyingi wa mama au wa kaka mkubwa, akiuliza mashine hiyo inapatikana wapi, ni pesa ngapi, na kama SHA, bima ya afya ya taifa, italipa. Nimesikia ujumbe wa namna hiyo kutoka Ahero, kutoka Mbale na kutoka Nakuru, na kila mara nyuma ya sauti kuna kijana ambaye hajainuka kitandani tangu pikipiki ilipomwangusha. Siwalaumu wanaouliza, ningekuwa mzazi wa kijana huyo ningeuliza hivyo hivyo. Lakini video hiyo imeeleweka vibaya, na kosa hilo linawagharimu watu viungo vyao. Hakuna mshipa uliounganishwa pale. Anayeonekana ni mtu ambaye njia zake za neva hazikukatika zote, na zile zilizosalia zikapewa msaada wa kufanya kazi. Tukilielewa hilo, swali letu la kwanza hospitalini na kwenye kaunti litabadilika. Kabla ya kuuliza mashine itafika lini, tutauliza ni njia zipi bado ziko hai ndani ya mgongo wa mgonjwa huyu, na ni nani anayezilinda usiku wa leo.

Mtu wa kwenye video ni Gert-Jan Oskam, Mholanzi aliyeumia shingo katika ajali ya baiskeli nchini China mwaka 2011. Habari zake zilichapishwa Mei 2023 katika jarida la Nature na kikosi cha watafiti wa Lausanne, Uswisi, wakiongozwa na mwanasayansi Grégoire Courtine na daktari mpasuaji Jocelyne Bloch. Walimwekea vifaa viwili vyenye elektrodi juu ya sehemu za ubongo zinazoamuru miguu, na kingine kwenye mgongo, chini ya jeraha. Kompyuta iliyo mkobani inasoma nia ya kutembea kutoka ubongoni, kisha inatuma mapigo madogo ya stima kwenye mgongo wa chini. Jeraha lenyewe halikuguswa. Ujumbe unalizunguka, kama matatu inavyopita barabara ya mchepuko daraja likisombwa na mafuriko. Na kuna jambo ambalo maandishi ya WhatsApp huliacha: jeraha la Oskam halikuwa kamili. Kabla ya vifaa vya kichwani alikuwa amekwisha kufanya mazoezi kwa muda mrefu na kifaa cha mgongoni peke yake, na baada ya mazoezi mapya akaweza kutembea kwa magongo hata kila kitu kikiwa kimezimwa. Hilo lisingewezekana kama hakuna uzi hata mmoja wa neva zake mwenyewe uliosalimika. Chipu ya kampuni ya Neuralink, ambayo watu huichanganya na hii, ni habari nyingine kabisa. Noland Arbaugh wa Marekani aliwekewa Januari 2024, na kwa kuwaza tu anasogeza mshale kwenye skrini ya kompyuta. Ni jambo kubwa kwa mtu asiyeweza kutumia mikono, lakini miguu yake haikuhusishwa.

Sehemu ya mkanganyiko huu imo katika maneno yetu, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo tatizo linapoanzia. Tunaposema uti wa mgongo tunataja vitu viwili kwa pamoja: pingili za mfupa unazoweza kuzipapasa kwa kidole, na ile kamba laini ya neva inayopita katika tundu la pingili hizo. Vitabu vya biolojia ya Kiswahili huiita kamba hiyo ugwe mgongo, neno zuri ambalo halijafika sokoni. Matokeo yake ni kwamba daktari akisema uti umevunjika, familia haijui kama ni mfupa tu, ambao huunga, au ni ugwe. Kisha lipo neno mshipa. Mshipa wa damu ni mshipa, neva ni mshipa, kano ni mshipa, hata ngiri tunaiita mshipa. Ukimwambia mtu mshipa umekatika, anaona waya wa stima uliodondoka baada ya mvua: upo mmoja, umekatika, aje fundi wa kuunga, taa ziwake. Na neno kupooza linambeba mgonjwa wa kiharusi na mgonjwa wa mgongo kwenye machela moja, ilhali mmoja ameharibikiwa ndani ya kichwa na mwingine barabarani, katikati ya safari ya ujumbe. Lugha haina kosa. Maneno haya yalitutosha kwa kazi zetu za kila siku. Kwa kazi hii hayatoshi.

Ugwe wenyewe una urefu wa takriban sentimita 45 kwa mtu mzima na unene unaokaribia wa kidole kidogo cha mkono. Unatoka chini ya ubongo, unaishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno, na jozi 31 za neva huchomoza kutoka kwake kuelekea mwilini. Ndani yake kuna njia nyingi, kila moja na kazi yake na upande wake. Njia kuu ya amri huanzia sehemu ya juu ya ubongo na kuteremka ikiwa na nyuzi takriban milioni moja kila upande. Inapofika mwisho wa shina la ubongo, karibu tisa ya kumi ya nyuzi hizo huvuka na kwenda upande wa pili. Ndiyo sababu kiharusi cha ubongo wa kushoto hulegeza mkono wa kulia. Kutoka chini kwenda juu zipo njia kubwa mbili za hisi, na hazifanani. Ya kwanza hubeba mguso mwepesi, mtetemo, na ile hisia inayokujulisha gizani kwamba goti lako limekunjwa bila kulitazama. Hii hupanda nyuma ya ugwe, upande ule ule ilikoingilia, na kuvuka huko juu katika shina la ubongo. Ya pili hubeba maumivu, joto na baridi. Hii haingoji, ikishaingia kwenye ugwe huvuka ndani ya pingili moja au mbili tu, kisha hupanda ikiwa upande wa pili. Msomaji anaweza kuona ni mambo ya darasani. Lakini mtu akishajeruhiwa, mpangilio huu wa kuvuka ndio unaoamua atakachosikia, atakachosogeza, na hata kama ataaminiwa.

Mwaka 2017 nilimsindikiza hospitalini kijana wa jirani yetu aliyechomwa kisu mgongoni, upande wa kulia. Mguu wake wa kulia ulikuwa umelegea kabisa. Wa kushoto ulikuwa na nguvu zake zote. Mhudumu alichukua sindano akamdunga mguu ule mzima. Kijana hakusikia kitu. Akamdunga uliolegea, kijana akapiga kelele. Mhudumu akageuka kwa baba yake, akamwambia, "Mzee, huyu mtoto anatuchezea," na maneno ya namna hiyo yakaandikwa kwenye faili. Baba alinyamaza kwa aibu, na ile aibu sijaisahau. Ukweli ni kwamba kijana alikuwa anaeleza ugwe wake kwa usahihi kuliko aliyekuwa akimpima. Kisu kilikata nusu ya kulia. Kilikata amri za mguu wa kulia, kwa sababu zilikuwa zimekwisha kuvuka juu. Kilikata pia njia ya maumivu ya mguu wa kushoto, kwa sababu ilikuwa imevukia chini na sasa ilikuwa inapanda upande wa kulia. Hali hiyo ina jina la Charles-Édouard Brown-Séquard, daktari aliyezaliwa Port Louis, Mauritius, mwaka 1817, ambaye katikati ya karne ya 19 alionyesha kwa majaribio kwamba ukikata nusu ya ugwe, nguvu na maumivu hupotea pande tofauti. Mwana wa kisiwa cha Bahari yetu ya Hindi alikwisha kulieleza jambo hili, na miaka zaidi ya 160 baadaye kijana wetu aliitwa mwongo kwa jambo lile lile. Na la kuuma zaidi, kati ya majeraha ya ugwe, hili ni mojawapo ya yale yenye matumaini makubwa ya mtu kutembea tena. Aliyefaa kupelekwa kwa mtaalamu wa mazoezi siku ile ile alikaa wiki tatu akitazamwa kama mwigizaji.

Kuna upande wa pili wa kosa hilo, ambao ni kuona uhai mahali ambapo ujumbe haufiki. Wiki chache baada ya ajali, mguu uliokuwa umelala kama gogo huanza kuruka wenyewe. Shuka likivutwa, goti linakunjika. Familia inaimba, mkandaji anadai malipo yake, mchungaji anaombwa atoe ushuhuda. Kila aliyewahi kuchinja kuku uani anajua kichwa kinaweza kuwa sufuriani na miguu bado inakimbia. Ugwe una mitandao yake midogo inayojua kurusha na kukunja miguu bila kuuliza ubongo. Baada ya jeraha hunyamaza kwa siku au wiki kadhaa, kisha huamka, na ikiamka bila amri kutoka juu huwa mikali: misuli inakaza, miguu inapigana. Kuruka huko peke yake si ushahidi kwamba njia ya amri imepona. Kipimo ni kumwambia mgonjwa asogeze kidole gumba cha mguu kwa hiari yake, kisha aache. Hata hivyo, mitandao hiyo hiyo ndiyo watafiti wa Lausanne wanaiamsha kwa stima, kwa hiyo haifai kudharauliwa.

Sasa nije kwenye mabishano yenyewe, maana wapo wanaoniambia ninawanyang'anya watu tumaini. Wanasema simu ya mkononi ilianza kuwa ya matajiri na leo kila mama muuza samaki Dunga anayo. Kwa nini chipu isifuate njia hiyo? Hoja hii ina uzito. Desemba 2024 Marekani iliidhinisha kifaa kinachobandikwa juu ya ngozi ya shingo, bila upasuaji, kuwasaidia baadhi ya waliopooza kurudisha nguvu na hisia za mikono. Vifaa vya aina hiyo vinaweza kufika kwetu siku moja. Lakini vitamkuta mgonjwa katika hali gani? Hakuna daktari atakayempandikizia elektrodi mtu mwenye kidonda cha kulalia kilichofika mfupani, magoti yaliyoganda yakiwa yamekunjwa, na figo zilizoharibiwa na mkojo uliorudi nyuma. Anayeitamani mashine kwa dhati ana sababu kubwa kuliko wote ya kumgeuza mgonjwa wake kila saa mbili, na hapo mimi naye hatugombani tena.

Hoja dhaifu ni ile ya pili, nayo ndiyo inayosemwa zaidi kwenye korido za wadi: kwamba aliyevunjika mgongo amekwisha, mpeni uji, mwombeeni, msiuze shamba. Wanaosema hivyo huamini wanasema ukweli mchungu. Historia inawapinga. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, askari wengi walioumia ugwe walikufa, na kilichowaua zaidi hakikuwa ugwe. Walikufa kwa vidonda vya kulalia vilivyooza na maambukizi ya mkojo. Februari 1944, katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza, daktari Mjerumani Myahudi aliyekimbia Wanazi, Ludwig Guttmann, alifungua wadi ya majeruhi hao. Hakuwa na chipu wala antibiotiki nyingi. Alisisitiza wageuzwe kila saa mbili mchana na usiku, kibofu kishughulikiwe kwa usafi, wafanye kazi na wacheze. Watu waliotarajiwa kufa ndani ya miezi wakaishi, na michezo aliyowaanzishia Julai 1948 ndiyo iliyozaa Paralimpiki. Zaidi ya watu milioni 15 duniani leo wanaishi na jeraha la ugwe, kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani. Wanaishi. Ukisikia mtu wa wadini akisema hakuna kinachoweza kufanywa, elewa anaeleza kisichofanywa pale.

Na kuna njia nyingine zinazoshuka kwenye ugwe ambazo hakuna video inayozionyesha: zile za kudhibiti shinikizo la damu, jasho, kibofu na haja kubwa. Mtu aliyeumia shingoni au juu ya pingili ya sita ya kifua anaweza kuumwa kichwa ghafla kama kinapasuka, akatokwa jasho usoni, shinikizo likapanda kufikia la kuua, na chanzo ni mpira wa mkojo uliojikunja. Kibofu kimejaa, ujumbe wa taabu unapanda hadi kwenye jeraha na kukwama, mwili wa chini unakaza mishipa yake ya damu, na amri ya kuilegeza haiwezi kushuka. Dawa ya kwanza ni kumkalisha wima na kunyoosha mpira ili mkojo utoke. Naandika hili kwa ajili ya dada au mke anayemuuguza mtu nyumbani, ambaye huenda akaambiwa ni malaria.

Turudi barabarani, kwa sababu huko ndiko njia nyingi zinakopotea. Kati ya Nakuru na Londiani kuna Salgaa, jina ambalo dereva yeyote wa lori analitamka kwa sauti ya chini, na pale makutano ya Londiani tarehe 30 Juni 2023 lori moja liliua zaidi ya watu 50. Lakini majeruhi wengi wa mgongo hawatoki kwenye ajali zinazotangazwa. Ni abiria wa bodaboda mmoja mmoja, mvulana aliyeanguka kutoka mwembeni, mchimba mchanga aliyeporomokewa na ukingo. Anapolala pale, wenzake humwinua kwa mikono na miguu, kiuno kikining'inia, na kumweka katikati ya pikipiki, mmoja mbele na mwingine nyuma akimshikilia. Wataalamu hurudia kutuambia tusimguse hadi ambulensi ifike. Hapa lazima niwatetee vijana wa bodaboda: ambulensi ipi? Kumwacha mtu anayevuja damu kwenye lami usiku, lori likiteremka, si ushauri unaotekelezeka. Hata madaktari wenyewe wanabishana siku hizi kuhusu faida ya kola ngumu za shingo. Ambalo sijaona mtu akilitetea ni kumkunja. Ugwe uliobanwa lakini haujakatika unaweza kukatwa na pingili iliyovunjika mtu anapokunjwa, na hapo yule ambaye angebaki na njia nusu anabaki bila hata moja. Watu wanne au watano, mmoja akishika kichwa kisigeuke, mlango uliong'olewa au ubao wa kinyozi wa jirani, wakimviringisha mwili mzima kwa pamoja kama gogo, kisha pikapu au Probox iliyolazwa viti: hayo yanawezekana Kondele, yanawezekana Kapsabet, na yanaweza kufundishwa kwenye steji ya bodaboda kwa mchana mmoja.

Kundi jingine halijaumia barabarani kabisa. Kifua kikuu hakikai kifuani tu. Percivall Pott wa London alieleza mwaka 1779 jinsi pingili zinavyoliwa na kuporomoka na miguu ikapoteza nguvu, ingawa katika zama zake hakuna aliyejua kwamba ugonjwa ule ulitokana na vimelea vya kifua kikuu. Mgonjwa huanza na maumivu ya mgongo yasiyoisha, homa za jioni, mwili unakonda, kibyongo kidogo kinajitokeza, kisha miguu inalegea wiki baada ya wiki. Nyumbani wazee husema ni chira, laana ya kuvunja mwiko, na miezi inapita. Katika ugonjwa huu njia mara nyingi zimebanwa tu na usaha na mfupa. Dawa zinatolewa bure Kenya, matibabu huchukua karibu mwaka mzima, na wapo wengi wanaosimama tena. Ukimweka mgonjwa huyu katika kundi la "mshipa umekatika", umemnyima miguu ambayo bado ni yake.

Ndiyo maana naona fedha na juhudi zetu zinapaswa kuanzia kwenye kipimo. Hospitali ya taifa ya majeruhi wa uti wa mgongo iko Nairobi, kilomita kama 350 kutoka hapa, na vitanda vyake ni vichache. Kabla mgonjwa hajafika huko amepita zahanati, hospitali ya kaunti ndogo, na labda hospitali kubwa ya Jaramogi Oginga Odinga hapa Kisumu, ambayo wenyeji bado tunaiita Russia kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti. Picha ya MRI, inayoonyesha ugwe wenyewe, ni ghali na foleni ni ndefu. Lakini uchunguzi unaotumika dunia nzima kuamua kama jeraha ni kamili au la unataka pini na pamba: sehemu 28 za ngozi kila upande, misuli 10 kila upande, na hatimaye eneo la njia ya haja kubwa, ambalo wahudumu wengi hulikwepa kwa haya. Eneo hilo ndilo la mwisho kabisa la ugwe. Mtu akihisi pamba pale, au akiweza kubana kwa hiari, basi ujumbe umepita katikati ya jeraha na kufika mwisho wa ugwe, hata kama miguu imelala. Na anayehisi ncha kali ya pini chini ya jeraha katika siku za kwanza ana nafasi nzuri zaidi ya kutembea kuliko anayehisi pamba pekee; wataalamu hueleza kwamba njia ya maumivu inapita jirani na njia ya amri, kwa hiyo ikiwa jirani amesalimika, huenda na yeye amesalimika.

Nimewaomba watu watatu waliolala wadini mwaka huu, wote wa mgongo, wanionyeshe karatasi zao za kuruhusiwa kurudi nyumbani. Moja iliandikwa "amepooza miguu yote miwili". Ya pili, "jeraha la uti wa mgongo, aendelee na fizio". Ya tatu, ya mama wa Nyahera aliyeanguka na mzigo wa kuni, ilikuwa na mchoro wa mwili wa mtu uliochorwa kwa kalamu, mbele na nyuma, na alama ndogo zikionyesha pini ilisikika wapi na haikusikika wapi, tarehe tatu tofauti. Kati ya tarehe ya kwanza na ya tatu, alama zilikuwa zimeteremka kutoka kitovuni hadi kwenye paja la kushoto.